Shikamoo ya Chini ya Maji

Mikumi, Jumatatu

Mpendwa Shangazi Yusta,

Shikamoo. Nimerudi salama kutoka kujitambulisha kwa kina Vaileth, na mchele wako wa Tindiga umewafikia.

Ziwa Nyasa ni zuri, maji maangavu hadi unaona samaki wa bluu wakikukodolea macho. Baba yake Vaileth, Mzee Nikolaus, anafundisha watalii kuzamia huko. Nilichelewa, nikakuta ameshashuka. Msaidizi wake akanivika mtungi wa hewa, akanisisitizia jambo moja tu: kifaa cha mdomoni kisitoke.

Kule chini nikakutana na mzee uso kwa uso. Sasa Shangazi, kwa ulivyonilea, ningempita baba mkwe kimya? Nikakitoa kifaa, nikainama, nikasema, "Shikamoo."

Ziwa likaingia. Mzee alinivuta juu kwa ukosi kama mwanambuzi, akanilaza mchangani mbele ya Vaileth. Nilikohoa huku nikijua mambo ya posa yameishia hapo. Mzee alinitazama, maji yakimchuruzika.

"Marahaba," akasema.

Kisha akamgeukia binti yake: "Huyu utaolewa naye. Ila mkaishi mbali na maji."

Mwanao, ambaye masikio yake bado hayajakauka,
Brayan