Damu Aliyoiita Hedhi

Guildford, Sydney
14 Agosti 2025

Mpendwa Mjomba Vuai,

Asalaam aleikum, na shikamoo yangu ikufikie hapo ulipo. Magoti yanasemaje siku hizi? Mkazamjomba hajambo, na mwanao Faisal je? Huku baridi imetukaba, na sitakudanganya kwamba sote wazima. Mama, dada yako Kijakazi, anaumwa saratani ya kibofu cha mkojo.

Nimeandika kwenye karatasi kwa kuwa simu huisikii vizuri, na mimi nikianza kuzungumza nitalia tu. Nitaipiga picha nimtumie Faisal akusomee. Faisal kaka yangu, humu mna mambo ya kike. Meza haya zako usome yote, usiruke hata neno.

Mjomba, utakumbuka mwaka jana Mama alimwuliza Mkazamjomba habari ya damu, naye akaja kukuuliza wewe. Hedhi ya Mama ilikatika zamani. Alipoona damu tena alicheka, akasema ndiyo kwanza anarudi usichana, akanituma Bankstown nikamnunulie hina. Aliona haya kusema kwamba damu yenyewe anaiona akienda haja ndogo. Jibu lako likaja kwamba mwenye hedhi haswali. Sikulaumu, ulijibu ulichoulizwa. Basi damu ikija anaacha sala, ikikatika anakoga anaendelea, na mimi ninayeishi naye ananificha hata nguo za kufua. Tulikwenda hospitali siku mkojo ulipoziba kabisa kwa mabonge ya damu.

Daktari wake ni mwanamke mpole. Alieleza, nikawa natafsiri. Alisema maradhi haya huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na sigara ndiyo adui mkubwa, lakini hata asiyevuta huweza kuugua. Wataalamu wanashuku kwamba homoni za kiume huuchochea uvimbe, na za kike humkinga mwanamke kwa kiasi fulani, kisha hedhi ikikoma kinga hiyo hupungua. Bado wanachunguza, hawajakata neno. Katika maneno yote hayo Mama alishika hilo moja.

"Mwambie anirudishie hizo homoni zangu," akaniambia, "kibofu changu aniachie."

Daktari hakucheka. Alimshika mkono akasema homoni si tiba ya uvimbe huu, ambao sasa umeingia kwenye msuli wa kibofu. Inabidi kibofu kitolewe, pamoja na kizazi, na mkojo utokee kwenye tundu la tumboni uingie katika mfuko wa kubandika. Tukichelewa, utaenea. Nafasi yake ya upasuaji ni Jumanne.

Mama amekataa. Anasema, "Nitasimamaje mbele ya Mungu na mkojo ubavuni?" Na hilo lingekuwa peke yake, ningeliweza. Lakini tangu ajue kwamba ile haikuwa hedhi, ilikuwa damu ya ugonjwa, sala zote alizoziacha anaziona zinamdai. Anataka azikidhi, azilipe zote, kabla hajalala kitanda cha hospitali. Kutwa yuko kwenye mswala. Likimtoka tone la damu anasema udhu umevunjika, anakwenda kutawadha, anaanza upya. Mjomba, damu haikatiki. Hatamaliza.

Nilimleta shehe wa huku. Akamweleza kwa upole kwamba mwenye udhuru huswali na hali yake, mfuko au damu, na kwamba kukidhi kunaweza kungoja. Mama alimpa chai na kaimati, akamshukuru sana. Alipotoka akaniambia kijana yule ana adabu, ila aliyemfundisha yeye udhu ni kaka yake Vuai.

Kwa hiyo nimekuja kwako, sina mwingine. Nimechoka, naogopa, na sitaki kumzika mama yangu kwa ajili ya swali lililoulizwa nusu. Sema na Faisal akurekodi sauti, aitume leo hii. Mwambie mfuko haumfungii mtu mlango wa Mungu. Mwambie atakidhi akishapona. Kama maneno hayatoshi, mwamrishe. Wewe hajawahi kukukatalia.

Jana alasiri nilimkuta amesujudu, haamki. Nikamwita, kimya. Nilipomgeuza alikuwa amezimia, kanga imelowa damu. Alipozinduka hakuuliza maji wala daktari. Aliniuliza kama ile rakaa inahesabiwa. Mjibu wewe, Mjomba.

Nisalimie Mkazamjomba, mwambie hatuna kinyongo naye hata chembe. Faisal, ahsante kwa kusoma mpaka hapa. Mungu akupe afya, Mjomba, na aifikishe sauti yako kabla ya Jumanne.

Wako akupendaye, mtoto wa dada yako,
Sumeiya