Wembe wa Karani wa Posta

Mwenzangu, jarida lako la sanaa ya Kijapani, lile unalonitumia kila toleo kutoka huko, limefika. Nimetoka nalo posta sasa hivi.

Karani kafungua bahasha yangu! Kurasa sita kazikata kwa wembe. Wale wanawake wanaooga, uliowasifia mwezi mzima? Hayupo hata mmoja!

Namuuliza, ananijibu bila haya: "Mama, nimekulinda tu. Ile michoro ni michafu."

Amenilinda! Mimi, bibi wa wajukuu wanne, amenilinda!

Na kurasa zilizobaki zina alama za vidole vya mafuta, kila moja.

Nageuka niondoke, akainama kidirishani, akaninong'oneza: "Toleo lijalo linakuja lini?"