Mama, Haukuwa Butembo

Mama,

Siko nakuandikia juu ya kukulilia. Kulia nilishalia, mupaka Baba alinikataza kulia mbele ya wageni. Leo niko nakuandikia na hasira, na kama uko na masikio kule uliko, sikiliza muzuri. Weye njo uliagiza Mapendo asiambiwe kama ulikufa. Mutoto wako ya mwisho, wa miaka saba! Ulimuambia Shangazi amukamate, amupeleke kwake ku Nizi, na kama anauliza, wamujibu: Mama iko Butembo, alienda kutafuta uzi. Uzi, Mama! Ulikosa uongo ingine?

Miye sikujua. Wakati ulikuwa unalala ku opitali, nilimuona Shangazi anapita na Mapendo na kifuko yake ya nguo, nikawaza: ni muzuri, mutoto asizoee harufu ya dawa. Ukakufa. Tukakuzika. Shangazi alikuya ku kilio peke yake, akasema mutoto alibakia na jirani juu ya barabara mubaya. Nilijua tu kama akirudia Nizi atamuambia. Nani angeweza kuwaza ingine? Baba akasema Mapendo atakaa kule mupaka nipate diplome yangu, njo vile ulitaka. Nikakubali. Kulikuwa maji ya kuchota, bugali ya kupika, nguo za Bahati za kufua, na masomo juu yake.

Nikuambie vile nyumba iko. Siku ya tatu ya kilio, watu wangali wamelala ku mikeka mu barza, mama moja wa parokia alikuya. Unamujua, yule wa kusali na sauti kubwa kuliko padri. Alinishika mukono, akasema pole sana, pole sana, kisha akauliza uzi yake ya bleu iko wapi. Ile alikuachia ya kumufumia mujukuu wake triko. Mama, macho yangu yangali mekundu! Nilichomoa sindano, nikamupa ile mukono ya triko ulikuwa umefikisha nusu, ikaanza kufumuka mu vidole yake mbele ya watu. Najua ungenichapa. Nilisikia muzuri mu roho.

Zile triko zingine watu walikuachia nilizimaliza miye mwenyewe, kidogo kidogo, nikitoka masomo. Hazikutoka sawa zako. Hakuna mutu alisema kitu, na hiyo inaniumiza kuliko wangesema.

Baba, akirudia na lori, anaketi karibu na radio. Haisikilize. Wanaweza kutangaza kama Bunia imeungua, yeye iko tu naangalia mikono yake. Bahati anavaa ile triko ya kahawia uliyomufumia, na jua hii yote ya mwezi wa kumi na mbili. Jasho inamutoka mupaka ku shingo. Nikimuambia aitoshe, ananijibu iko na baridi. Alipita miaka kumi na mbili, anaanza kuwa na kiburi, namuacha.

Na sasa konji ya Noeli ilianza, masomo ikafungwa. Nilifungua ile kartoni chini ya kitanda yako, na vitu yote ikanirukia. Zile triko za zamani ulikuwa unanunua ku soko, zenye matundu ya panya na kola imechakaa, ukituketisha chini, kila mutu na yake: fumua! Siye tunavuta, uzi inatoka na mikunjo yake, unaifua, unaikausha ku lupango, inje ku ua, mupaka majirani wanauliza kama tumeanza kukausha matumbo ya mbuzi. Ulikuwa unacheka mupaka unashika mbavu. Sindano za siye watoto zilikuwa vile vyuma vyembamba vya gurudumu ya kinga, ya baiskeli, Baba alizinoa ku jiwe. Mukiacha tundu moja tu, unakuja nyuma yetu, hauseme jina ya mutu, unasema tu: hiyo, fumua. Yote? Yote! Tunalia, tunafumua, tunaanza tena. Wanaume ya barabara walikuwa wanamucheka Bahati, mutoto mwanaume na sindano. Uliwajibu kwamba ku Lubero, kwenye ulizaliwa, baridi inapiga hata wenye kuvaa suruali.

Kisha kibanda ya Noeli. Yosefu wa majani makavu ya ndizi, Maria wa maganda ya mahindi, malaika wenye nywele ya uzi. Mwaka jana Mapendo alifuma kondoo yake ya kwanza, ikatoka na mukia murefu na uso ya imbwa. Bahati alianguka chini kwa kicheko. Weye uliikamata, ukaigeuza-geuza, ukasema mu Betelehemu hawakukosa imbwa, ukaiweka karibu kabisa na Mutoto Yesu. Mapendo alitembea kifua mbele juma muzima.

Na unakumbuka ile mwaka serkali ilisema Noeli iko siku ya kazi sawa siku zingine? Nilikuwa mudogo. Mama wengine waliwaambia watoto wao kama Noeli itafika kesho, ao kesho kutwa. Weye ulituketisha ukatuambia kweli: leo munaenda masomo, wakubwa walikatala, lakini mangaribi tunafunga mulango na tunafanya yetu. Tulifanya. Hata siku hakuna chakula, ulikuwa unatuambia hakuna, tukunywe chai tulale. Haukuwa mutu wa kudanganya watoto! Njo maana hasira inanipanda. Ulijifunza wapi, Mama? Ku kile kitanda?

Sasa sikiliza ya Nizi.

Siku konji ilianza, nilimuomba Baba anipeleke na lori kumuona Mapendo. Alikatala. Nikaenda na lori ya mutu mwengine, nikamuambia Bahati achunge nyumba. Nilikuwa nimemubebea Mapendo kipande ya uzi nyekundu na sindano zake mbili za kinga. Niliwaza tutaketi pamoja, tulie kidogo, tufume kidogo, nirudie.

Alikuwa ameketi ku jiwe kando ya barabara. Alipata kidogo urefu. Aliponiona hakukuja kwangu, Mama. Alipita pembeni yangu, akaenda mupaka nyuma ya lori, akasimama na kuangalia watu wenye kushuka, moja, moja, mupaka wa mwisho. Kisha akaniuliza: Mama iko nashukia wapi?

Sikuelewa. Nakuapia sikuelewa mara moja. Nikawaza labda mutoto alichanganyikiwa. Akanivuta mukono, akanipeleka mu nyumba ya Shangazi, akatosha kopo ya maziwa chini ya kitanda. Ilijaa uzi. Uzi mufupi-mufupi, ya kijani na ya pinki, alikuwa anaivuta ku blanketi ya Shangazi, akiifunga moja ku ingine na mafundo. Akaniambia polepole, asisikiwe: sasa iko mingi, umuambie Mama asitafute tena kule Butembo, arudie tufanye Noeli.

Mama.

Nilitoka inje.

Shangazi alikuwa anapeta muchele. Nilimurukia na maneno, miye mutoto, na yeye dada ya baba yangu. Nilisema maneno ambayo ungenipaka pilipili ku midomo. Aliniacha nimalize. Kisha akaweka lungo chini na akasema: mama yako njo alisema. Alinishika mukono ku kitanda, akasema Mapendo asione kaburi yangu, muache akue kwanza. Unataka nivunje neno ya mutu anayekufa? Na akaanza kulia, na miye nikaona kama alikonda, na macho yake ya mutu asiyelala muzuri. Kila lori ikipita, aliniambia, mutoto anaacha chakula anakimbia ku barabara. Na mu blanketi yangu niliwaza kuna panya, nilitega mitego!

Karibu nicheke. Ona, ulitufikisha kule.

Shangazi haiko mutu mubaya. Hakuzaa, alimupenda Mapendo, alimulisha, alimupaka mafuta. Ulimupa mutoto, na ukamupa uongo ya kubeba kila asubui pamoja na yule mutoto. Hiyo si zawadi, Mama. Ulimufunga.

Nilimupeleka Mapendo nyuma ya nyumba, pale Shangazi alipanda mboga ya lenga-lenga. Nilichuchumaa. Niliwaza maneno ya kuzunguka, zile za padri, Mungu alimuita, iko analala. Zote zilinishinda. Nilimuambia: Mama alikufa. Haiko Butembo. Alikufa ku opitali kule Bunia, tulimuzika, hatarudia.

Hakulia. Aliuliza lini. Nilimuambia ni zamani, wakati ya mvua, wakati uliletwa huku. Aliwaza, Mama, unajua vile anawaza, na ulimi ku kona ya midomo. Kisha akaniuliza: na miye nilikuwa wapi?

Njo swali yake. Haikuwa Mama iko wapi sasa. Aliuliza yeye alikuwa wapi wakati siye wote tulikuwa karibu yako. Nikamuambia: ulikuwa hapa. Akasema: hapa, namungoja? Nikamuambia ndiyo. Hapo njo alilia, na hakunikubali nimushike. Alinipiga ku kifua na ngumi zake zote mbili. Niliacha anipige. Zingine zilikuwa zako, lakini ni miye nilizipata.

Nilirudia naye Bunia siku ile ile. Shangazi mwenyewe alimufungia kifuko, akamuwekea karanga. Nilimuambia akuye ku Noeli, mutoto haiko anakatazwa kumupenda. Alitikisa kichwa tu.

Baba alipotukuta mu nyumba alibadilika sura. Akasema nilivunja neno yako, akasema marehemu haisemeshwe mara mbili, akasema masomo yangu itaharibika na nitakuja kujuta. Nilimujibu: marehemu alikosea. Sikuwa nimesema neno sawa hiyo mu nyumba hii hata siku moja. Niliwaza atanipiga. Alimuangalia Mapendo, aliyelala ku kiti na viatu, akaangalia radio, akaizima. Akauliza: alikula?

Najua juu ya nini ulifanya vile. Siko mujinga. Ulijua kama ukikufa, mutoto mudogo atanifunga ku jiko, na diplome itapita pembeni yangu sawa ile yako ilipita pembeni yako. Ulitaka niwe mwalimu. Na ulitaka Mapendo abakie na mama yake mu kichwa, muzima, na mikono yenye kutembea. Nasikia hiyo yote. Nasikia, na bado nina hasira. Ungeniuliza! Nilikuwa hapo ku kitanda, nilikuwa nakupangusa midomo, nilikuwa nakuambia habari ya mitihani. Ungesema: Sifa, tufanye namna gani? Ulinyamaza na miye, ukasema na Shangazi. Ulinifanya mutoto mbele ya kifo yako, na kesho yake ukaniachia nyumba muzima.

Nakupenda, Mama, mupaka inaniuma ku meno. Andika hiyo pia pale uliko.

Jana tulianza kibanda ya Noeli. Bahati alifanya Yosefu, muguu moja mufupi, anaegamia ku ukuta sawa mulevi. Miye nilifuma kondoo. Mapendo alikatala kugusa uzi. Aliketi ku mulango, akituangalia, na ile kopo yake mu mapaja, hakuifungua. Sikumulazimisha. Mulazimishaji ulikuwa weye.

Leo asubui aliamuka mbele yetu, akavaa viatu, akasimama karibu ya kitanda yangu: nipeleke kwenye mulimuweka. Tulienda watatu, Baba akabakia ku lori yake akijifanya iko natengeneza kitu. Nyasi zilikuwa zimepanda ku kaburi, Bahati akazingoa. Nilimuonyesha Mapendo jina yako ku musalaba. Anajua kusoma sasa, alisoma herufi kwa herufi, mupaka mwisho. Kisha akageuka, akakupa mugongo. Mugongo tu, Mama, mikono nyuma, akiangalia njia ya kurudia nyumbani. Nilimuambia sema na Mama kidogo. Akakatala na kichwa. Bahati alitaka kumugeuza na mabega, nikamuzuia.

Basi nikuage. Diplome nitaipata, usiwe na wasiwasi, nitasoma na sufuria ku moto kama ni lazima. Mapendo atalala mu nyumba hii, na akiuliza kitu nitamujibu, hata ile yenye kuniuma. Nakuahidi hiyo, na ahadi hii ni yake kuliko yako.

Na ku kaburi sitamuvuta. Siku atakapotaka mwenyewe kukuangalia, nitamuleta. Inaweza kuwa Pasaka, inaweza kuwa wakati atakuwa na watoto yake. Yeye alikungoja ku ile barabara ya Nizi, kila lori.

Sasa weye umungoje.

Sifa, wa kwanza wako