Kifaduro na Zamu ya Mlango wa Nne

Jumanne, 3 Juni

Leo ilikuwa zamu yangu ya kufagia ua. Nimefungua mlango – ua umeshafagiwa. Mistari ya ufagio imenyooka mpaka shinani mwa mti wa mkungu. Mke wa Dereva alikuwa amesimama pale, anajikung'uta mikono. Akasema nipumzike dada, bega lililotiwa vyuma si la mchezo, zamu yangu wameibeba wao.

Nimemshukuru. Nilikuwa bado na usingizi, nikamshukuru mara ya pili.

Kisha nikautazama msumari wa mlangoni kwangu. Ufagio wa ua wetu huzunguka milango minne: Mwenyekiti, Dereva, Nesi, mimi, halafu unaanza upya. Jioni, aliyemaliza zamu huutundika kwa anayefuata. Jana Nesi hakuutundika kwangu. Msumari mtupu.

Nikamwambia mama kwamba majirani wametuonea huruma. Mama, bado kajifunika shuka: "Anayekubebea mzigo, mwanangu, mtazame anaelekea nao wapi."

Jumatano, 4 Juni

Nimejua unakoelekea.

Nilikwenda kumwamkia bibi Mwenyekiti. Alikuwa akimwagilia mboga zake za kwenye ndoo. Bila kuinua uso akaniambia Dereva ameomba kikao, Jumapili ya tarehe 15. Anataka mkungu ukatwe ili pikapu yake ipate pa kugeukia. Akanikumbusha kanuni za ua kama vile nimehamia jana. Mwenye zamu ndiye mwenye neno: mlango usiofanya zamu yake hauna sauti kikaoni. Mlango mmoja ukikataa, jambo halipiti. Na kikao hakikaliwi juu ya uchafu.

Nikasema, basi mimi nakataa.

"Una zamu?"

Kumbe ndiyo huruma yenyewe. Wamenitoa neno mdomoni kwa kijiko, tena nikasema asante!

Mimi si mtu wa kulilia miti. Mkungu unatuchafulia ua mwaka mzima, majani mapana kama sahani. Lakini kivuli chake ndicho dari ya chumba cha mama. Mwaka jana walipokata tawi moja tu la upande wetu, mabati yalikuwa tanuri ifikapo saa sita, na mama akashinda sakafuni akitafuta pumzi. Ukikatwa wote, nitamlaza wapi?

Jioni nimejaribu kufagia kibarazani kwa mkono wa kushoto. Nikiinama, mkono wa kulia unaning'inia na vyuma vinavuta. Nimeishia kukaa kizingitini, jasho linanitoka, kibaraza kichafu vilevile.

Sitolewi kwenye zamu.

Alhamisi, 5 Juni

Mdogo wangu amekuja. Anatunza bustani ya ofisi moja kubwa. Wamenunua mashine mpya, hii ya zamani wamempa. Naye amenipa mimi. Ya umeme, ya kusafishia majani. Ina shingo ndefu, mkanda wa begani na mfuko kama wa tarishi. Swichi ukiipeleka huku inapuliza, ukiipeleka kule inanyonya majani, inayasaga na kuyatema mfukoni. Unafanya kazi umesimama wima. Mkanda nimeuvaa bega la kushoto. Hakuna kuinama!

Ameniachia na ekstensheni, waya unapita dirishani. Masharti yake: nisinyonye majani yaliyolowa, nisinyonye kitu kigumu, nisiburute waya kwenye maji.

Tumeijaribu kibarazani. Mama akaziba masikio, kisha akacheka. Anasema inakohoa kama mtoto mwenye kifaduro. Basi jina limeshika – Kifaduro.

Jumamosi, 7 Juni

Jana jioni niliufuata ufagio mwenyewe mlangoni kwa Nesi nikautundika kwangu. Mke wa Dereva aliniona. Akaniuliza dada unakwenda nao wapi. Nikamwambia unakwenda nyumbani kwake.

Leo asubuhi nikamfungulia Kifaduro mpaka mwisho. Kwa hasira, nakiri. Majani yaliruka, lakini vumbi liliruka zaidi yao, na kwenye kamba zilikuwepo sare za Nesi, nyeupe pee. Nilipozima, zilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Kibaya zaidi, Nesi alikuwa kazini usiku kucha, ndiyo kwanza amejilaza. Alitoka na ndala mguu mmoja.

"Jirani, nimekesha na wagonjwa. Nimerudi kulala, unanirushia ndege uani?"

Nilimwomba radhi, nikazitia sare kwenye beseni na kuzifua kwa miguu, nikikanyaga kama mtu anayepanda ngazi isiyo na mwisho. Mama akasimamia kutoka kwenye kiti: "Kola bado. Kanyaga kola."

Dereva alikuwa kwenye ngazi yake na kikombe mkononi. Si tulikwambia upumzike, dada?

Nikamuuliza: ua si umefagiwa?

"Umepulizwa," akasema, na mkewe akacheka mpaka akashika ukuta.

Wacheke. Zamu nimeifanya.

Jumapili, 8 Juni

Nimempelekea Nesi sare zake, zimepigwa pasi. Mwenye pasi alikuwa mama, mimi nilishika ncha tu. Tumekubaliana: akiwa zamu ya usiku nitamaliza kabla hajarudi, na kwanza nitaangalia kamba.

Nikamgusia mkungu. Akasema yeye hana upande. Majani yanamchosha, jua nalo linamchosha. Anataka kulala tu.

Mashine ina kigurudumu cha kupunguza kasi. Kipo ubavuni, kimeandikwa namba. Jana sikukitazama hata. Mtu mzima, nimesoma mpaka sekondari, nimekwenda na hasira badala ya kusoma.

Jumatano, 11 Juni

Zamu yangu. Ufagio nimeufuata tena mwenyewe. Kamba tupu, Nesi hajarudi, umande umekauka.

Kasi ndogo. Nikaelekeza shingo ukutani, si juu. Basi majani yakatangulia mbele yangu kama mbuzi wanaojua zizi lao. Nikayakusanya pembeni, nikageuza swichi, nikaanza kunyonya – kah! Mashine ikatetemeka mikononi. Kungu. Tunda zima, gumu kama jiwe, lilikuwa limejificha chini ya majani.

Nimezima, nimechomoa plagi, nimefungua. Feni imepoteza jino moja. Inazunguka, lakini inachechemea. Mama akasema sasa ana homa juu ya kifaduro.

Sikuacha. Nimeleta kigoda, nikachambua kungu kutoka kwenye lundo kwa mkono wa kushoto, moja moja, kisha nikanyonya. Taratibu. Lundo la kunifika kiunoni limeingia mfuko mmoja, limekuwa chenga laini kama za tumbaku.

Halafu nikaangalia pikapu. Chini yake hapajawahi kufagiwa. Ufagio haufiki, na wakati wa kufagia mwenye gari haisogezi. Nikaingiza shingo ya Kifaduro uvunguni. Yakatoka majani ya tangu masika ya mwaka juzi, mfuniko wa sufuria, na ndala ya kijani ambayo mke wa Dereva alimsingizia mbwa wa watu mpaka wakagombana na mwenye mbwa. Nimeiweka juu ya boneti. Wima, ionekane.

Mwenyekiti akaja kimya kimya. Alitia mkono mfukoni mwa mashine, akanusa zile chenga, akaziomba kwa ajili ya ndoo zake za mboga. Nimempa zote.

"Usidhani umeninunua kwa majani," akasema.

"Sijadhani, bibi. Yanatoka kwenye mkungu, si kwangu."

Akaguna. Akaondoka amekumbatia mfuko.

Ijumaa, 13 Juni

Dereva amekuja mpaka kibarazani. Mpole, kavua na kofia. Anasema yeye hana ugomvi na mimi, lakini haki ni haki: zamu ni ufagio. Anayetumia mashine amefagiliwa na mashine, hajafagia.

Nikamuuliza: "Na wewe shemeji, mizigo ya watu huwa unaipeleka kwa kichwa?"

Mama alicheka ndani mpaka akapaliwa, ikabidi nikimbilie maji. Niliporudi Dereva alikuwa keshavaa kofia, anaelekea kwa Mwenyekiti. Nami nikafuata nyuma. Nisingemwachia masikio ya Mwenyekiti peke yake.

Mwenyekiti alitusikiliza wote wawili huku akichambua mchele. Kisha akasema kanuni haitaji ufagio. Inataka ua uwe safi, na mwenye zamu awe ameusafisha yeye, kwa mkono wake. Si wa ndugu, si wa jirani. Akimaliza ana neno. Asipomaliza hana, na safari hii hatavumiliwa kwa sababu ya bega.

Dereva akaridhika na hilo la mwisho. Tutaona Jumapili, akasema.

Tutaona.

Jumamosi, 14 Juni

Upepo tangu mchana. Nausikia mkungu ukijimwaga.

Jioni Nesi ameuleta ufagio mwenyewe, ameutundika kwenye msumari wangu.

Jumapili, 15 Juni

Ua hauonekani. Majani ukuta hadi ukuta, mengine yameingia mpaka kwenye ndoo za Mwenyekiti. Nimemvaa Kifaduro, nimechomeka, nimebonyeza – kimya.

Umeme hakuna. Nilitoka kuchungulia barabarani. Kinyozi ametoa kiti nje, ananyoa kwa mkasi. Basi ni mtaa mzima. Nisimsingizie mtu.

Dereva alikuwa keshapanga viti vya kikao. Kavaa shati la kutokea. Ana mzigo wa kuchukua saa tisa, alitaka tumalize mapema. Pole sana dada, akasema. Mke wangu yupo, ufagio upo. Kubali tu yaishe.

Nikamwambia: "Kaa, shemeji. Utachoka kusimama."

Nikaleta kigoda na beseni. Nikavua Kifaduro nikamweka pembeni. Nikaanza kuokota. Mkono wa kushoto, jani moja, jani jingine. Beseni likijaa nasimama, nalimwaga pipani, narudi, nasogeza kigoda. Upande wa ukuta wa jikoni mpaka kwenye ndoo umekwisha.

Mwenyekiti alitoka na kiti chake. Dereva akamwambia tuanze, jirani ataendelea huku akisikiliza. Mwenyekiti akatazama chini, akatazama juu.

"Kikao hakikaliwi juu ya uchafu," akasema. "Mwenye zamu hajamaliza."

"Na hatamaliza leo!"

"Basi hatuanzi leo."

Wakakaa kusubiri. Mkungu ukadondosha jani moja jekundu pale pale nilipokwisha safisha. Mama kutoka dirishani: "Na hilo lako pia!" Nimeliokota. Mama mwenyewe anatoa kichwa kwenye chumba kinachogombaniwa, anafurahi kama yuko harusini.

Dereva anatazama simu, anatazama pikapu, anatazama simu. Nilipofika kwenye kiti chake nikasema: "Inua miguu, shemeji."

Hakuinua. Nikangoja, beseni pajani. Mkewe akamgusa bega. Akainua.

Nesi naye katoka, macho mekundu ya usingizi. Akaanza kuokota kungu zilizo miguuni pake na kuziweka kwenye mfuko wa gauni. Nimemwambia aziache, hii ni zamu yangu, kwa mkono wangu. Akazimwaga palepale chini, akasema samahani. Kisha akavuta kiti chake, akakiweka upande wa dirisha la mama, kivulini. Sijui maana yake. Pengine anakimbia jua tu.

Bega linauma. Nimepumzika kwenye kigoda, nimechukua daftari. Kuandika mkono wa kulia unaweza, ukilazwa pajani. Nimebakiza kona ya geti na uvungu wa pikapu. Uvungu siwezi kuufikia kwa mkono, na Dereva anajua siwezi. Anatabasamu kwa mara ya kwanza leo: nikishindwa, sina neno.

Redio ya kwa Dereva imeanza kuongea yenyewe ndani.

Umeme umerudi. Wote wamegeuka kumtazama Kifaduro, kisha mimi. Ni saa nane na nusu, na mzigo wake ni wa saa tisa. Dereva amesimama, funguo mkononi, anauliza kama sasa naweza kufanya haraka.

Nimemwambia kwanza namalizia ukurasa.