Aliyelala Si Mtoto

Bab Doukkala,
Marrakech.
Februari 10, 1998.

Mpendwa Mama mdogo Fettouma,

Assalamu alaykum. Hujambo mama yangu? Goti lako linasemaje na baridi ya huko Ubelgiji? Na Baba mdogo Bouchaib, bado anaifokea televisheni mpira ukichezwa? Huku miili ni mizima. Binti yangu Ghizlane ameanza kung'oka meno ya mbele, akicheka utamla.

Ila moyo wangu, Mama mdogo, ndio mgonjwa.

Unajua tangu nimzae Ghizlane sijashika mimba tena. Mama mkwe, Lalla Mbarka, ameshikilia kwamba mtoto yumo tumboni ila amelala, eti nimerogwa. Ananilisha viungo vikali vya kumwamsha mpaka natapika. "Wee, usipomwamsha mjukuu wangu kabla ya Idi Kubwa, mwanangu ataoa anayejua kuamsha!" Si maneno tu. Ameshapeleka posa kwao binti mmoja. Idi ikipita, mimi nitaachwa.

Kumbe aliyelala si mtoto. Nilimbembeleza mume wangu Miloud tukaenda kwa daktari kwa siri. Akatuambia mbegu za Miloud zipo, tena nyingi, ila hazina nguvu ya kuogelea. Kila mbegu ina kitu mfano wa jiko dogo la kuipa nguvu, na joto la kila siku limeyaharibu majiko hayo. Si unajua kazi yake tangu Ghizlane azaliwe, kuchochea tanuri la kupasha maji ya hamamu toka alfajiri. Akikaa mbali na moto miezi kadhaa, huenda zikaamka. Daktari hakuahidi.

Miloud akacheka kicheko kibaya. "Mtaa mzima unaoga kwa moto wangu, leo naambiwa sina moto!" Akaniapisha nisimwambie mama yake, kesho yake akarudi tanurini. Mimi nikaendelea kumeza viungo, kimya.

Wewe tu ndiye nimekwambia. Baba mdogo naye alichochea tanuri hilohilo, na watoto mkawapata alipoliacha. Ampigie Miloud simu, waongee kiume. Mimi hanisikii. Nampenda, sitaki kumwaibisha, lakini naisha.

Jana Ghizlane kaniwekea sikio tumboni, kanipigapiga: "Amka, mvivu! Bibi atamfukuza mama!" Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, tayari kwenda kazini. Akakaa chini, akamchukua mapajani, na tanuri likamngoja. Halijawahi kumngoja.

Basi barua ikifika tu, Baba mdogo apige, kabla moyo wa Miloud haujawa mgumu tena.

Nisalimie Khadouj na wadogo zake. Mungu asiwafungie mlango wowote wa heri.

Ni mimi mwanao, nikupendaye sana,
Yamna