Baba Alingoja Kuulizwa

Mjukuu wangu Monika,

Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani huko Mwanza, na kile kifua kimepona? Sisi hapa Ntalikwa tunamshukuru Mungu, ila shangazi yako bado amelala mgonjwa, na mvua imekataa.

Umeniuliza kama uende kwa mwalimu kumsemea mwanao anayemaliza hesabu kabla ya wenzake, au watu watasema unajidai. Mama, nikusimulie habari ya mdogo wangu Kalunde.

Wakati wa Mwingereza, Kalunde alikuwa darasa la pili, lakini hesabu zangu za la nne alizifanya yeye. Baba akabeba kibuyu cha asali, tukaenda mjini kwa mwalimu mkuu, Mzungu, kumwomba amrushe Kalunde darasa. Baba akachuchumaa, akapiga makofi ya heshima, akasalimu, akanyamaza. Kwetu mgeni hasemi shida yake mpaka aulizwe.

"Ahsante, mzee, asali nzuri!" Mzungu akaingia ndani.

Njiani nikasema, "Baba, hukusema kitu."

"Ulitaka nimrukie mtu mzima kwa maneno? Nani hubeba asali bure? Ameelewa."

Tulingoja mwaka mzima. Kalunde alichoka kuimba darasani alichokijua tayari, akaacha shule, baadaye akaolewa huko Puge. Vitabu vyangu hakuvigusa tena. Baba alikufa akiamini kwamba alikataliwa. Mimi najua hakuomba, nami nilisimama pale nina kinywa.

Nenda, mama. Salimu vizuri, kisha usingoje kuulizwa. Nijibu upesi, unieleze mwalimu amesemaje.

Bibi yako,
Anna