Mnara wa Sokoni Umetusikia

Koboko, Jumanne

Nimemdanganya Mama Keji bila kujua, na ndiyo maana silali.

Leo nilibadilisha spika na kadi ya sauti kwenye mnara wa dharura pale sokoni. Mama Keji, muuza samaki wakavu, alinisubiri nishuke ngazi, tumbo langu likitangulia kama kawaida.

"Mzee, hii kitu iko nasikia maneno yetu?"

"Hapana, mama. Inasikia tu kama mutu nafinya hii batani. Kama moto inashika soko."

"Na bwana yangu hawezi sikia mimi?"

"Huyo hata ukipiga kelele, hasikii."

Wanawake wakacheka. Mara spika ikanguruma juu yetu. Alikuwa Adriko, mwenzangu wa chumba cha mitambo kule Arua, anayepokea miito ya mnara: "Mzee, wacha bwana ya mama, fanya kazi!"

Hakuna aliyekuwa amegusa batani.

Kicheko kilikatika. Nikampigia Adriko simu. Anasema kadi mpya zote ziko hivyo, zinasikiliza wakati wote, na tumeambiwa tusiulize. Tumeambiwa na nani? Kwa ajili ya nini? Hakusema.

Na moto ukiwaka kweli, nani ataisogelea batani hiyo?

Nikapanda tena, nikachomoa kadi mpya, nikarudisha ile ya zamani, yenye sauti ya mbuzi mwenye mafua. Sikuomba ruhusa. Huenda kesho sina kazi.

Nilimwonyesha Mama Keji kwamba sasa mnara hausikii mpaka batani ifinywe. Akasema, "Sawa, mzee." Kisha akamgeukia mteja, akamnong'oneza bei ya samaki.